Ridhaa ya Lukresia

Eliamini Nkya aliendesha mashine ya kukoboa mpunga huko Chekereni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na mashine hiyo ikamchukulia sikio la kushoto. La kulia lilibaki, ila nalo lilitaka mtu aseme kwa sauti na asiharakishe. Wateja walilijua hilo. Walimwonyesha kwa vidole wana magunia mangapi, naye akaitikia kwa kichwa, mpunga ukaingia, mchele ukatoka, pumba zikarundikana nyuma ya kibanda. Zilikuwapo wiki ambazo maneno yake yote yalikuwa "shusha," "subiri" na "tayari."

Kwao ni Machame. Alizaliwa katikati, kaka zake mbele na wadogo nyuma, na kwa desturi ya huko mlimani kihamba cha baba, yaani shamba la migomba na kahawa lenye nyumba ya familia, si cha watoto wa katikati. Mkubwa hukatiwa pake, wa mwisho hubaki na wazazi, wa katikati hujitafutia. Eliamini alijitafutia chini, kwenye joto na mbu, wakati mifereji ya umwagiliaji ilipoanza kuleta mpunga na watu. Alijenga nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vitatu na baraza, akaishi humo hadi kichwa kikawa cheupe. Mdogo wake wa mwisho, aliyebaki Machame, alimpigia simu kila Krismasi. Eliamini hakuwa akisikia vizuri kwenye simu, kwa hiyo aliitikia tu kila neno, kisha wakaagana.

Masika ya mwaka jana maji yalibomoa ukingo wa mfereji yakaingia ndani hadi usawa wa godoro. Kwa wakati ule goti lilikuwa limeshaanza kumsumbua, na presha ilimtaka aende kliniki mjini kila mara. Alipanda juu ya meza ya chakula, akakaa hapo kama kuku, akingoja maji yapungue. Hakuna aliyekuja kuuliza kama yu mzima. Haikuwa kwa ubaya, kila mmoja alikuwa akiokoa vyake. Hata hivyo, akiwa juu ya meza ile, aliona kwamba siku akianguka humo ndani watu watajua kwa sababu mashine haijawashwa, si kwa sababu yeye hajaonekana. Maji yalipokauka alikuwa ameshaamua kuuza.

Mnunuzi hakuwa wa kutafutwa mbali. Violet, mwalimu wa shule ya msingi pale kijijini, alikuwa amepanga nyumba ya jirani na alikuwa mjamzito. Mume wake alikuwa mwongoza watalii, siku nyingi yuko mlimani. Mafuriko waliyaona kwa macho yao, na mume alishasema kwamba wataweka ukuta wa mawe upande wa mfereji. Serikali ya kijiji haikuwa na pingamizi. Bei waliafikiana barazani kwa chai moja.

"Sasa, babu," Violet alimwambia, akiwa amemwinamia karibu na sikio la kulia, "mimi wakili wangu ninaye. Na wewe tafuta wako. Usikubali wangu akutengenezee kila kitu, ukaja kusaini jambo ambalo hukulielewa."

"Wakili si wakili tu?"

"Hapana, babu. Wangu ananitazamia mimi. Wewe atakutazamia nani?"

Swali hilo akalichukua kama lilivyo akaenda nalo mjini.

Kwa wakili wa kwanza alielekezwa na mwenye mashine aliyokuwa akiiendesha. Ofisi ilikuwa ghorofani juu ya duka la dawa, na Eliamini alizipanda ngazi akishikilia ukuta. Wakili alikuwa kijana nadhifu mwenye simu mbili, mpole, asiyependa kupoteza muda wa mtu. Alisoma karatasi za kijiji upesi, akasema ziko vizuri. Kisha akaanza kuandika kwenye kompyuta huku akiuliza bila kuinua macho, na Eliamini akalazimika kumtazama midomo.

"Una mke, mzee?"

"Sina."

"Safi sana. Ukiwa na mke lazima aridhie kwa maandishi, na hapo ndipo mauzo mengi hukwama. Tutaandika kiapo kwamba hujaoa na hujawahi kuoa."

Eliamini akakuna goti. "Kuna mtu aliwahi kuishi pale na mimi."

"Mlifunga ndoa? Kanisani, au bomani?"

"Hapana."

"Mahari?"

"Haikufika huko."

"Basi mzee wangu, huyo hayupo," alisema wakili, na hakuwa na nia mbaya. Alikuwa anampunguzia mzee kazi. "Njoo Jumatatu usaini."

Eliamini alimshukuru, akashuka ngazi. Hakurudi Jumatatu. Alipoulizwa na Violet alisema goti lilikuwa linauma, na kweli lilikuwa linauma.

Siku chache baadaye alikwenda Njoro, pembeni mwa mji, kuitazama tena nyumba ndogo ya vyumba viwili ambayo angeinunua akishauza ya Chekereni. Mahali penyewe alipapenda: kliniki si mbali, Usharika wa Kilutheri uko mwendo wa miguu, na maji ya mfereji hayafiki. Katika kurudi aliona kibao kwenye geti la nyumba ya kawaida, "Wakili na Kamishna wa Viapo," na chini yake mama mmoja anakaanga maandazi. Kwa kuwa alihitaji kupumzisha goti, akaingia.

Ofisi ilikuwa chumba cha mbele chenye pazia la maua. Wakili alikuwa mwanamke wa makamo, Gladness Temu, aliyevaa sweta ingawa hapakuwa na baridi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Uongee kwa sauti, mashine imeniharibu."

"Sikio lipi linasikia?"

"Hili la kulia."

Gladness aliinuka, akakichukua kiti chake, akakizungusha kutoka nyuma ya meza akakiweka upande wa kulia wa mzee. Hapo ndipo akaanza kuuliza. Alipofika kwenye mke, Eliamini alisema hana, kama alivyosema mjini.

"Na zamani? Hajawahi kuwepo mtu?"

"Alikuwepo."

"Anaitwa nani, baba?"

"Lukresia."

Jina lile hakuwa amelitamka kwa muda mrefu sana, na kwa kuwa hakuwa akiisikia vizuri sauti yake mwenyewe, hakujua amelitamka kwa sauti gani. Mama wa maandazi kule nje aligeuka akatazama dirishani.

Lukresia alikuwa wa Kibosho, kule mlimani. Alikuwa akishuka na ndizi, anaziuza kwenye baraza la mashine, kisha anapanda na mchele. Mvua zile za El Nino zilipokata barabara alikwama Chekereni, akapanga chumba kwa mama mmoja, na barabara ilipofunguka hakuondoka. Baadaye alihamia kwa Eliamini. Watu walimwita Mama Nkya ingawa hakuna padri wala mchungaji aliyekuwa amesema lolote. Baba yake Lukresia, Mkatoliki, alitaka wafunge ndoa parokiani Kibosho. Baba yake Eliamini, aliyekuwa mzee wa kanisa la Kilutheri huko Machame, alisema mwanawe hatapiga magoti huko wakati usharika wake una madhabahu. Wao wawili walisema watasubiri wazee wapoe. Mtoto hakupatikana, kwa hiyo hakuna aliyekuwa na haraka kwa niaba yao. Ndipo mama yake Lukresia akapigwa na kiharusi. Lukresia akapanda kumtunza. Mwanzo alishuka kila mwisho wa wiki, halafu mara moja moja, halafu kimya. Eliamini hakumfuata. Aliona kumfuata ni kama kumwambia amwache mama kitandani. Alidhani mama akipona atarudi.

Haya yote aliyaeleza kwa maneno machache zaidi ya haya, na Gladness akangoja hadi akamaliza.

"Mlikaa pamoja muda gani?"

"Kama miaka mitatu. Inakaribia minne."

"Nyumba ilikuwa imeshajengwa?"

"Tulikuwa tunaimalizia."

Gladness aliweka kalamu chini. "Baba, nitakuambia kitu ambacho hakitakufurahisha. Sheria ya ndoa ya nchi hii inasema mwanamume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi, na watu wakawaona ni mke na mume, sheria nayo inaweza kuwaona hivyo. Sisemi yeye ni mke wako. Nasema siwezi kukuandikia uape kwamba hakukuwa na mtu."

"Yule wa mjini alisema inawezekana."

"Inawezekana. Kalamu haikatai. Lakini huyo mwalimu ataingia mle na mtoto wake, na siku moja Lukresia au ndugu zake waje na shauri. Na wewe utakuwa umeapa uongo. Mtafute. Mwambie unauza. Kama hana dai, aje aseme mwenyewe kwa mkono wake."

"Sijui hata kama yu hai."

"Hilo nalo lina jibu lake, baba. Ila hatulipati tukikaa hapa."

Aliondoka akiwa amekasirika. Kwa siku kadhaa alifikiri arudi juu ya duka la dawa, asaini, ahame, yaishe. Kalamu haikatai. Alipokuwa akipanga vyombo vyake kwenye maboksi alijaribu hata kulisema lile neno la wakili wa kwanza, peke yake, ndani ya nyumba: "Hayupo." Akalirudia. Lakini alijiona kama mtu anayetoa ushahidi dhidi ya miaka pekee ambayo mtu alimngoja jioni kwa chakula, na hakupata nguvu za kuitolea ushahidi huo. Akampigia Gladness simu, akasema kwa sauti ya juu kuliko ilivyohitajika kwamba yeye ndiye wakili wake na kwamba anapanda Kibosho.

Alipanda siku ya kazi, asubuhi, ili asikutane na watu wanaotoka misani. Bodaboda ilimchukua kutoka mwisho wa lami, lakini barabara ilikuwa imekatwa na mvua na mawe yametokeza kama meno, na goti likamwambia ashuke. Akatembea. Huku juu palikuwa na baridi na harufu ya moshi na ya mbolea ya ng'ombe. Migomba ilifunika njia pande zote, na chini yake mikahawa michache ya zamani. Alimjua mtu mmoja tu katika Kibosho yote, na hakujua kama bado anaishi huko. Kwenye duka moja aliuliza.

"Lukresia yupi? Lukresia wa maziwa?" mwenye duka aliuliza.

"Mama yake alipigwa kiharusi."

"Ndiye huyo. Shuka hapo kwenye mfereji, nyumba ya bati la kijani. Wewe ni nani wake?"

Eliamini alijifanya hakusikia. Uziwi una faida zake.

Lukresia alikuwa nyuma ya banda, anakatakata mgomba kwa panga kwa ajili ya ng'ombe. Alikuwa amekonda, kichwani amefunga kitambaa, miguuni buti za mvua. Yeye ndiye aliyemtambua kwanza. Eliamini aliona midomo yake ikilitaja jina lake.

"Eliamini!" alisema tena, kwa ile sauti aliyokuwa akitumia barazani mashine ikinguruma. "Umekufa au uko hai?"

"Niko hai."

"Mimi pia. Karibu ukae."

Alimpa kigoda, akanawa mikono, akaleta kiburu kwenye sahani, ndizi na maharage vilivyopondwa pamoja, vya moto bado. Alikaa mbele yake akimtazama akila. Hawakuwa na jina jingine la kuitana. Wenzao wa umri ule walikuwa Baba Fulani na Mama Fulani, na wao walibaki Eliamini na Lukresia kama vijana.

"Mama?" Eliamini aliuliza.

"Amefariki. Mwaka ule wa korona."

"Sikupata habari."

"Ungeletewa na nani?"

Hakumlaumu. Aliuliza tu, kama anayetaka kweli kujua. Eliamini akapiga hesabu kichwani akaona kwamba alimtunza yule mama zaidi ya miaka kumi na minane, akimgeuza, akimlisha. Naye kwa muda wote ule alikuwa chini, kwenye joto, akidhani mama atapona.

"Na hapa sasa ni kwako?"

"Hapa ni kwa Primus, mdogo wangu wa mwisho. Yuko Dar. Akistaafu atarudi. Mimi ninapashikilia, na ng'ombe ni wangu." Akainama kidogo kumtazama usoni. "Nilikuwa nafikiri kama ukija utakuja na jani la sale mkononi."

Mtu wa mlimani akienda kuomba radhi hushika jani la sale, lile la kwenye mipaka ya vihamba, na anayepelekewa hana budi kusikiliza. Eliamini alitazama mikono yake mitupu.

"Sikujua kama ni kosa au siyo," alisema.

"Hata mimi sijui," Lukresia akasema. "Haya, niambie kilichokuleta."

Akamweleza: mafuriko, goti, Violet, Njoro, mawakili wawili. Lukresia alisikiliza bila kumkatiza hadi alipofika kwa wakili wa kwanza.

"Alisemaje, huyo wa mjini?"

"Alisema wewe hupo."

Lukresia aliinuka akaenda kwa ng'ombe. Alimwekea majani yaliyokuwa yamekatwa, akamwekea na ambayo hayakuwa yamekatwa. Alikaa huko muda mrefu kiasi kwamba Eliamini alianza kujiuliza kama ameambiwa aondoke na yeye hakusikia. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ileile.

"Kwa hiyo umepanda kwa ajili ya sahihi."

"Ndiyo."

"Ungesema umekuja kunitazama, ningejua unadanganya. Sawa. Lakini siwezi kusaini habari za nyumba ambayo sijaiona. Nitashuka, niione kwanza."

Alishuka Alhamisi iliyofuata, amevaa kitenge cha WAWATA, umoja wa wanawake Wakatoliki, na viatu vya kanisani. Eliamini alikuwa amefagia uani. Violet, aliyekuwa barazani kwake, aliwaamkia, akatazama mmoja na mwingine, kisha akaingia ndani akafunga mlango taratibu. Alikuwa mtu mwenye adabu.

Lukresia aliingia chumba kimoja baada ya kingine. Maboksi yalikuwa yamepangwa ukutani, kitanda kimefunguliwa. Hapakuwa na kitu chake hata kimoja. Vichache alivyoviacha, Eliamini alikuwa amempa mama wa jirani mwaka ule ule alipoelewa kwamba harudi.

"Dirisha hili silikumbuki."

"Niliongeza mimi."

"Jiko lilikuwa upande ule."

"Lilibebwa na maji. Si haya, mafuriko ya nyuma."

Alitoka uani, akasimama mahali fulani akizungusha macho. "Hapa palikuwa na mpera. Niliupanda mimi."

"Niliukata. Ulikuwa unaleta popo."

Lukresia akacheka, cheko la ghafla lililomshinda hata yeye. Eliamini naye akacheka, bila kuwa na hakika kama anacheka kitu kilekile. Halafu ikaonekana wazi kwamba hapakuwa na kingine cha kutazama. Nyumba ile ilikuwa imeishi na mtu mmoja kwa muda mrefu mno, ikawa ya mtu mmoja: ndoano moja mlangoni, kikombe kimoja kwenye ndoo. Lukresia alikitazama kile kikombe akageuza uso.

Siku ileile walikwenda Njoro. Gladness alimwamkia Lukresia, akamkalisha, kisha akamwomba Eliamini atoke nje.

"Mama," alimwambia Lukresia walipobaki wawili, "mimi ni wakili wake, si wako. Lazima ulijue hilo. Inawezekana sheria inakupa sehemu katika nyumba ile. Sikushauri udai wala usidai. Nakushauri uichukue karatasi hii, uende nayo, asome mtu unayemwamini, ndipo uje. Hata ukitaka wakili wako, nitasubiri."

Nje, Eliamini alikaa kwenye benchi la mama wa maandazi. Kupitia dirishani aliona midomo ya Gladness ikienda, na hakujaribu kuisoma.

Lukresia aliichukua karatasi. Alimsomea Primus kwenye simu, kisha akaipeleka parokiani kwa mwanasheria anayejitolea kusaidia watu, naye akamweleza neno kwa neno. Wiki ile Eliamini alilala juu ya godoro chini, kwa sababu kitanda kilishafunguliwa, na kila alipoamka alidhani kuna mtu ameita. Hakumlalamikia mtu. Violet alimletea uji, akamwambia asiwe na wasiwasi, hawana haraka, watasubiri hata kama mtoto atazaliwa kwenye nyumba ya kupanga.

Lukresia alirudi siku aliyosema atarudi. Safari hii Eliamini aliruhusiwa kukaa ndani. Lukresia aliweka karatasi mezani na kidole juu ya mstari mmoja.

"Hapa mmeandika kwamba sina na sijawahi kuwa na maslahi yoyote katika nyumba hii. Hilo si kweli. Sakafu ya chumba cha nyuma niliikandika mimi kwa mikono yangu, saruji ilinichubua wiki nzima. Niliishi pale. Andika kwamba niliishi, kwamba niliondoka kwa hiari yangu kumtunza mama, na kwamba sidai kitu. Ikiandikwa hivyo nasaini."

Gladness alimtazama mteja wake. "Baba, umesikia?"

"Nimesikia," Eliamini alisema. "Aandikiwe hivyo."

"Hilo linakuhusu na wewe. Utakuwa unakiri kwamba alikuwepo."

"Alikuwepo."

Ikaandikwa upya, ikachapwa, Gladness akaisoma yote kwa sauti. Lukresia akasaini kwa mwandiko wa shule, polepole, herufi zimelala upande mmoja. Eliamini akasaini. Muhuri ukapigwa. Jambo lililomweka Eliamini macho tangu masika likawa limekwisha kabla chai haijapoa.

Walitoka pamoja wakashika njia ya kituoni. Nyumba ya vyumba viwili ilikuwa njiani, na Eliamini alipofika mbele yake akasimama.

"Ni hii."

"Ni nzuri. Ina kivuli."

"Ina vyumba viwili."

"Umeniambia."

"Kimoja sina cha kuweka."

Lukresia alisogea karibu ili asilazimike kupiga kelele barabarani.

"Nina ng'ombe, Eliamini."

Angependa iwe kwamba hakusikia vizuri. Lakini alisikia kila neno, na alielewa kwamba ng'ombe si ng'ombe tu. Ni saa za kukamua, na kituo cha maziwa ambako wanawake wenzake wanamngoja kila asubuhi, na kaburi la mama chini ya mgomba, na mahali ambapo mtu akikosekana siku moja anauliziwa. Yeye alikuwa na chumba. Akasema, "Ndiyo, ng'ombe anahitaji mtu," wakaendelea kutembea.

Violet alihamia kabla ya vuli, na mtoto akazaliwa mwezi uliofuata, msichana. Eliamini alialikwa ubatizo akakaa safu ya nyuma. Ukuta wa mawe ulishaanza kupanda upande wa mfereji.

Njoro ilimfaa kwa mambo mengi. Kliniki aliifikia bila kupanda chombo. Majirani walimwita Mzee wa Chekereni, wakamsalimia asubuhi na jioni, na kwa kuwa hakuwa akisikia wengi waliosalimia kwa mbali, walidhani ana majivuno, hadi mama wa maandazi alipowaambia. Chumba cha pili alikifunga. Baadaye alikifungua, akaweka magunia matupu na baiskeli, akakifunga tena. Kelele za mashine, ambazo alizilaani miaka yote, sasa alizitamani. Kimya cha Njoro kilikuwa kizito kuliko cha Chekereni, maana kule alikuwa na sababu ya kutokuongea.

Mwezi wa pili wa kiangazi alirudi kwenye mashine yake ya zamani Chekereni, akaomba gunia la pumba laini zinazopendwa na ng'ombe, akakodi pikipiki hadi mwisho wa lami na nyingine hadi bati la kijani. Hakuwa ametoa taarifa. Lukresia alikuwepo, anakausha maharage juu ya turubai. Alishangaa, akafurahi, akalipima gunia kwa mkono akasema ng'ombe atamwombea mzee huyu mema. Walikunywa chai ya maziwa. Walizungumza kuhusu mtoto wa Violet, kuhusu bei ya kahawa, kuhusu Primus ambaye sasa anasema atastaafu mapema. Habari za nyumba hazikutajwa. Palikuwa na nyakati ndefu ambazo hakuna aliyesema kitu, na Eliamini hakujua kama ni kimya cha watu wanaojuana au cha watu walioishiwa.

Jua lilipoanza kuelekea upande wa Machame, Lukresia alivaa buti zake akamsindikiza. Walitembea kandokando ya mfereji, yeye upande wa sikio la kulia, hadi barabarani, mahali ambapo watu wa pale huachana na wageni wao.

"Karibu tena," alimwambia.

"Asante. Nimekaribia."

Pikipiki ilikuwa inakuja. Lukresia alimpa mkono, akaushika kidogo zaidi ya desturi, kisha akageuka akarudi alikotoka, kwa maana saa ya kukamua ilikuwa imefika.